Kinachotoka Kwenye Kidonge

Niliingia Muhimbili kusomea famasia mwaka 1986, enzi hizo kikiwa bado Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya famasia ilikuwa imeanza kutolewa pale mwaka 1974, kwa hiyo hatukuwa waanzilishi, ila tulikuwa wachache mno hivi kwamba walimu walitufahamu kwa majina na hata kwa miandiko. Na mwandiko ulikuwa jambo zito. Daftari la maabara liliandikwa kwa wino, kurasa zake zimepigwa namba, na kufuta kulikuwa mwiko. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka, unaweka sahihi na tarehe, unasonga mbele. Kwa macho ya kijana wa miaka ishirini na kitu huo ulikuwa usumbufu mtupu. Leo nikiulizwa nilifundishwa nini pale, naanza na lile daftari.

Nchi ilikuwa katika dhiki. Sabuni na sukari vilisakwa kwa foleni, na vitendanishi vya maabara vilikuja kwa meli, vikakaa bandarini mpaka karatasi zake zikamilike. Tulijifunza kupima kidogo na kutomwaga kitu. Fundi sanifu wa maabara yetu, mzee mmoja mpole ambaye hakuwa na shahada yoyote, ndiye aliyetupa somo ambalo halijanitoka. Siku hiyo alishusha kopo la aspirini lililokaa rafuni tangu masika, akalifungua na kulipitisha mezani. “Nuseni, wanangu.” Kopo lilinuka siki. Akachukua unga kidogo, akauweka kwenye bomba la kioo lenye maji, akadondoshea kloridi ya feri, na maji yakageuka zambarau iliyokolea. Aspirini safi haitoi rangi hiyo. Unyevu wa Dar es Salaam ulikuwa umeipasua, upande mmoja asidi ya salisili, ambayo ndiyo iliyoleta zambarau, upande wa pili asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe.

Tarehe iliyobandikwa kwenye lile kopo ilikuwa bado haijapita. Dawa hutoka kiwandani ikiwa hivi, ikapita kwenye kontena, ghala, basi la mkoani na rafu ya duka lenye paa la bati, na popote pale joto na unyevu vinaendelea kuishughulikia. Viwandani hupima jambo hili kwa kuweka dawa miezi 6 kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75. Sisi tulikuwa na kopo na pua zetu, na hoja tuliielewa vizuri tu.

Nilihitimu, nikafanya mwaka wa utarajali hospitalini, kisha nikarudi chuoni kama mwalimu msaidizi wakati Muhimbili ikiwa imeshakuwa chuo kishiriki, tangu 1991. Masomo ya juu niliyafanya Leuven, Ubelgiji, kwenye uchambuzi wa dawa. Kuhusu baridi na upweke wa huko wameshaandika wengi. Nilichokipata Leuven ni swali moja ambalo msimamizi wangu aliliuliza kila nilipompelekea matokeo: umejuaje? Mashine ya HPLC, ile inayotenganisha kemikali na kupima kila moja, imekupa asilimia 98.6. Sawa, lakini umejuaje kwamba ni dawa hiyo, na si mabaki yake yaliyojificha nyuma ya kilele kilekile? Ukirudia kesho, na mwenzako akirudia wiki ijayo, mtapata hiyohiyo? Niliporudi nyumbani nilikuja na swali hilo, na limewachosha wanafunzi wangu wengi. Siombi radhi.

Nilirejea mapema katika miaka ya 2000, na muda si mrefu nchi ikabadilisha dawa ya malaria. Mwaka 2001 klorokwini iliachwa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaingia SP, yaani salfadoksini na pirimethamini. Watu hawakuipokea vizuri. Klorokwini iliwasha mwili kupita kiasi, lakini ilishusha homa upesi. SP haishushi homa, kwa hiyo mgonjwa aliyemeza vidonge vyake vitatu na usiku akaendelea kuungua alisema dawa haifanyi kazi. Wengine waliogopa madhara yake kwenye ngozi. Redioni na mitaani ilisemwa kwamba dawa ni mbovu. Sisi wa maabara tulikuwa na wajibu wa kutenganisha mambo matatu ambayo mgonjwa hawezi kuyatenganisha: vimelea sugu, dawa isiyoshusha homa kwa maumbile yake, na kidonge kibovu kweli.

Kidonge cha SP kina miligramu 500 za salfadoksini na 25 za pirimethamini. Ukikisaga na kupima kilichomo, unaweza kukuta vyote vimetimia, na bado kidonge kisimsaidie mtu. Pirimethamini haipendi maji. Kidonge kikishindiliwa mno, au gundi yake ikizidi, au chembe za dawa zikiwa kubwa, kinapita tumboni huku kimeibana dawa yake. Ndiyo maana kuna kipimo cha uyeyukaji. Vikombe sita vya kioo, kila kimoja na lita moja ya maji ya bafa yenye pH 6.8, joto nyuzi 37 kama la mwili, na ndani ya kila kimoja kasia linalozunguka mara 75 kwa dakika. Unatumbukiza kidonge, unasubiri dakika 30, unavuta sampuli. Kanuni za Marekani, tulizozitumia, zinataka dawa zote mbili ziwe zimetoka kwa kiwango cha asilimia 60, na juu yake kanuni zinaongeza akiba kidogo.

Nakumbuka mchana mmoja na mwanafunzi wa mwaka wa nne, kijana mtulivu kutoka Kagera, akifanya kipimo hicho kwa vidonge vilivyonunuliwa kwenye duka la jumla. Kiasi kilichomo kilikuwa kimefaulu asubuhi. Salfadoksini ilitoka vizuri. Pirimethamini ilibaki chini sana kwenye vikombe vyote sita. Akanijia uso umemshuka.

“Prof, nadhani nimeharibu.”

“Kwa nini unadhani ni wewe?”

“Dawa imesajiliwa, Prof.”

Tulirudi kwenye mashine pamoja. Tukakagua kama bafa ilitolewa hewa, maana mapovu yakishika kidonge yanadanganya. Tukapima joto kikombe kwa kikombe. Tukaingiza rula kuona kama kasia limekaa milimita 25 kutoka chini. Kila kitu kilikuwa sawa. Kanuni inaruhusu hatua ya pili kwa vidonge 6 vingine na ya tatu kwa 12, naye akazifuata zote, akaandika kila namba kwa wino. Toleo lile lilifeli. Mwenye duka alipojulishwa alifoka kwamba wanafunzi wanajifunzia kwenye mali ya watu. Kijana alimfungulia daftari, ukurasa kwa ukurasa, mpaka sauti ikapungua. Wenzangu wa Muhimbili walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya ubora wa amodiakwini na SP zilizouzwa kwenye maduka ya jumla ya Dar es Salaam, na matatizo ya uyeyukaji yalionekana humo pia. Haikuwa hadithi ya kijana mmoja na mashine yake.

Kuanzia hapo nilishikilia jambo moja katika kila kikao cha mtaala: hakuna mwanafunzi wa kupima kidonge kabla hajatengeneza chake. Unachanganya unga, unatia maji ya gundi kidogokidogo, unachukua kiasi na kukifumba kiganjani. Ukifungua mkono, tonge lisimame; ukiligusa kwa kidole gumba, livunjike bila kuacha ute. Likibaki laini, umezidisha maji. Lisiposimama, bado. Kisha unakausha, unachekecha, unashindilia kwenye mashine ya mkono, na unaona mwenyewe jinsi robo tu ya mzunguko wa skrubu inavyogeuza kidonge kinachosambaratika majini kuwa jiwe. Aliyepitia hapo akikutana na pirimethamini isiyotoka anajua pa kuanzia kuuliza.

Wapo wenzangu waliotaka fedha zote ziende kwenye mashine kubwa. Nilizipenda mashine hizo kuliko wengi wao, lakini nimeona HPLC ikinyamaza kwa kukosa taa moja inayoagizwa nje. Mwaka 2008 na 2009 asetonitraili iliadimika dunia nzima, kwa kuwa hupatikana kama zao la pembeni la kemikali ya kutengenezea plastiki na nyuzi, na viwanda hivyo vilikuwa vimepunguza kazi. Wanafunzi wa uzamili wakakaa bila kiyeyusho. Tuliwafundisha kuandika upya njia zao kwa methanoli na kuzithibitisha tangu mwanzo. Walinung'unika, kisha wakawa wachambuzi bora kuliko waliowatangulia.

Mwaka huohuo wa 2009 Metakelfini bandia, dawa ya malaria, ilikutwa katika maduka 40 ya dawa nchini, kiambato hai kikiwa pungufu. Mambo kama hayo hugunduliwa pia kwa sahani ya silika inayoenea kiganjani: unadondosha dawa unayoishuku kando ya dawa halisi, unaiacha ipande na kiyeyusho, unaiweka chini ya mwanga wa urujuanimno na kulinganisha madoa. Doa la dawa pungufu ni dogo na hafifu. Wakaguzi hubeba vifaa hivyo kwenye masanduku hadi mipakani, na wengi wao walisimama kwenye meza zetu kabla ya kuajiriwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo tangu 2019 ni TMDA.

Nimestaafu, ila bado naletewa tasnifu kusoma. Zoezi la vidonge nilimkabidhi binti niliyemsimamia shahada ya uzamivu, na hakuliacha kama alivyolikuta. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 walikufa Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo hivyo zilikuwa na dayethilini glaikoli, sumu ileile iliyoua zaidi ya watu 100 Marekani mwaka 1937. Basi sasa kabla mwanafunzi hajatengeneza dawa ya maji, anapewa chupa mbili za gliserini zisizo na lebo na sahani ya silika, aamue ni ipi iliyochanganyika na sumu hiyo, isiingie kwenye sufuria. Kipimo hicho kinakula mchana mzima na ratiba haikuwa na nafasi. Aliniomba niende naye kwenye kikao cha idara kukitetea. Nilienda, nikazungumza kwa ukali kuliko nilivyopanga, na kimewekwa Jumatano mchana, muhula wa pili.