Dini, Siasa na Swali la Kijana wa Detroit

Kama kuna maneno ambayo karibu kila Mtanzania aliondoka nayo nyumbani, hata kama sanduku lake lilipotelea njiani, ni haya: "Tusichanganye dini na siasa." Tulikua tukiyasikia redioni, kwenye mikutano ya hadhara, kanisani na msikitini. Sisemi ni maneno ya kijinga. Nchi yenye Waislamu na Wakristo wengi namna ile imekaa pamoja, kwa sehemu, kwa sababu viongozi walikataa kuomba kura kwa jina la dini. Ndugu zetu wa Rwanda wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kule viongozi wa makanisa walikaa karibu mno na watawala, na mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo.

Lakini maneno hayo yana matumizi mengine, na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze, kupitia mwandishi mmoja wa hapa Marekani ambaye wengi wetu hatumsomi. Jina lake ni Jim Wallis.

Wallis alizaliwa Detroit mwaka 1948, akalelewa katika kanisa la Plymouth Brethren, watu wa Biblia kwelikweli. Alipokuwa kijana alianza kuwauliza wakubwa wake: kwa nini sisi Wazungu tunaishi upande huu na Weusi wanaishi upande ule, na kwa nini maisha ya kule ni magumu hivyo? Amesimulia mara nyingi kwamba mzee mmoja wa kanisa alimjibu kuwa Ukristo hauhusiani na ubaguzi wa rangi. Hayo ni mambo ya siasa, na imani ni ya mtu binafsi. Anasema hapo ndipo moyo wake ulipotoka kanisani, ukafuatwa na miguu.

Mimi nilikuja Michigan mwaka 1991 kusomea uhandisi wa ujenzi, kwa hiyo najua kijana yule alikuwa anauliza nini. Upande wa kaskazini wa Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile, kuna ukuta wa zege wenye urefu wa kama nusu maili na kimo cha futi sita hivi. Ulijengwa mwaka 1941. Mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu jirani na mtaa wa Weusi, na idara ya serikali iliyokuwa ikidhamini mikopo ya nyumba ikakataa, kwa hoja kwamba Weusi wako karibu mno. Akajenga ukuta kati ya pande mbili. Mikopo ikatoka.

Nilipoonyeshwa ukuta ule nikiwa mwanafunzi niliukagua kama mwanafunzi wa uhandisi anavyokagua kila kitu. Haubebi paa. Hauzuii udongo wala maji. Hata kumzuia mtu hauwezi, maana unaishia njiani, unazunguka tu kwa miguu. Kazi yake yote ilikuwa kwenye makaratasi ya benki. Na kila Jumapili, pande zote mbili za ukuta, watu waliimba nyimbo za Bwana yule yule. Mzee aliyemwambia kijana kwamba hiyo ni siasa alisema kweli tupu. Ilikuwa siasa, tena ya zege. Ila kwa kunyamaza, kanisa lake lilikuwa limeshachagua upande wa ukuta.

Wallis alirudi kwenye imani baada ya miaka ya chuo na maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Anasema kilichomrudisha ni Mathayo sura ya 25, pale mataifa yanapoulizwa waliwatendea nini wenye njaa, wafungwa na wageni. Akajiunga na Trinity, chuo cha theolojia karibu na Chicago, na mwaka 1971 yeye na wenzake wakaanzisha jarida. Mwaka 1975 walihamia Washington wakalipa jina la Sojourners, yaani wageni wa muda, wapitaji. Sisi wa ughaibuni jina hilo halihitaji kufasiriwa zaidi.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mkasi. Pale chuoni, mwanafunzi mwenzao alichukua Biblia nzee akakata kila mstari unaohusu maskini, haki na dhuluma. Torati ikapata matundu, Zaburi zikapukutika, na manabii, akina Amosi na Isaya, karibu wasibaki. Injili ya Luka nayo ikawa kama chandarua. Wallis alizunguka na kitabu hicho akihubiri, akikiinua juu na kuwaambia watu kwamba hii ndiyo Biblia ya Wamarekani, imejaa matundu.

Katika kazi yangu, mtu akitaka kubomoa nguzo ndani ya nyumba kwa sababu inamzibia televisheni, swali la kwanza ni nguzo hiyo imebeba nini. Nyingine ni pambo, ukiiondoa hakuna atakayejua. Nyingine ukiitoa, nyumba haianguki siku hiyo. Inaanza kupasuka taratibu, milango inagoma kufunga, na mwenye nyumba anamlaumu fundi wa milango. Nikiyatazama makanisa yetu ya Kiswahili huku nje, sioni kwamba mkasi ni wa Wamarekani peke yao. Tunaombea makaratasi, tunaombea kazi na nyumba, na ni haki yetu. Lakini ni lini mara ya mwisho umesikia Amosi akihubiriwa kwa Kiswahili?

Wanaodhani haya ni maneno matupu wakumbuke deni la nje. Kampeni ya Jubilee 2000, iliyochukua jina lake kutoka Mambo ya Walawi sura ya 25, ilisukumwa kwa nguvu na watu wa makanisa, Wallis na wenzake wakiwemo. Mwaka 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mkutano wa mataifa makubwa pale Birmingham. Mwaka 2000 Bunge la Marekani likatenga dola milioni 435 kwa ajili ya msamaha wa madeni. Tanzania ilipata msamaha wake mwaka 2001, mwaka ule ule ilipofuta ada ya shule za msingi, na MMEM ukaanza mwaka 2002. Wako wasomaji wa ukurasa huu ambao wadogo zao waliingia darasa la kwanza kwa mlango huo.

Simsifu Wallis kwa kila kitu. Kitabu chake cha mwaka 2005, God's Politics, kiliwakosoa wa kulia na wa kushoto, lakini miaka ilivyokwenda alionekana zaidi na zaidi upande wa chama kimoja, akawa mshauri wa kiroho wa Rais Obama. Nabii akizoea viti vya ikulu, sauti hulainika. Na mwaka 2020 jarida lake liliondoa makala iliyolikosoa Kanisa Katoliki kuhusu ubaguzi wa rangi. Baadhi ya wafanyakazi wakajiuzulu, naye akaachia kiti cha uhariri. Aliyejibiwa "usiulize" akiwa kijana alipaswa kuwa wa mwisho kuwanyamazisha wengine. Hata hivyo swali lake la Detroit halijachakaa.

Kanisani kwetu lilifika mwaka 2025. Tuna Wakongo na Warundi wengi waliokuja kama wakimbizi. Januari ile serikali iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi, mama mmoja kutoka Fizi alikuwa akimsubiri mwanawe aliyeko kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Safari ilikuwa imeshapangwa, ikafutwa. Akaomba mambo mawili: kanisa liliombee jambo hilo waziwazi, na liandike barua kwa mbunge.

Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, akanigeukia. "Injinia, wewe umesoma. Waambie. Tusichanganye dini na siasa."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, unaogopa nini hasa?"

"Tuna watu humu ambao makaratasi yao hayajatulia. Barua ikienda na jina la kanisa, macho yatakuja hapa."

Hofu hiyo si ya bure, na hakuna aliyeicheka. Tulikaa hadi saa nne usiku. Mwishowe barua iliandikwa kwa majina ya watu binafsi, kila mmoja kwa hiari yake, bila anwani ya kanisa. Na maombi yakafanyika. Jumapili iliyofuata mama mwenyewe alisimama mbele, akaomba kwa Kiswahili cha kwao, akataja kambi, akataja amri iliyosainiwa, akamtaja mwanawe. Yule mzee aliitikia Amina pamoja nasi. Barua ilitiwa saini na watu 14, yeye hakusaini.