Lango la Wasiolipa

Kizazi changu kilipata baadhi ya masomo yake ya siasa mahali ambapo wazazi wetu wasingepadhania: ndani ya mchezo wa kompyuta. Tulipokuwa wanafunzi jijini Dar es Salaam, kabla mkongo wa baharini haujatufikia mwaka 2009, tulichanga fedha za vitafunio na kukaa wawili wawili kwenye kiti kimoja cha intaneti kafe ili tucheze RuneScape. Mchezo huo, uliozinduliwa Uingereza mwaka 2001, ulitufaa kwa kuwa ulichezwa ndani ya kivinjari na kuanza kwake hakukuhitaji malipo. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mara nyingi uliganda katikati ya pambano, na picha iliporudi ulikwisha kuuawa.

Humo tulikata miti, tukachimba madini, tukavua samaki, tukauziana mapato ya jasho hilo na watu wa nchi tusizozijua. Matapeli nao hawakukosekana: mtu aliahidi kuitia deraya yako nakshi bure, na ukishamkabidhi, anatoweka. Tulielewa mapema kwamba soko bila uaminifu haliendi.

Hata hivyo, somo lililonikaa zaidi ni la lango. Kando ya mji wa Falador palikuwa na lango ambalo asiyelipa ada ya mwezi hakuruhusiwa kulivuka, na sehemu kubwa ya ulimwengu ule ilikuwa upande wa pili. Ada ilikuwa kama dola 5. Kikwazo chetu hakikuwa fedha peke yake: nyumbani kwetu hapakuwa na mtu mwenye kadi ya benki ya kulipia mtandaoni.

Baadaye mchezo huo ukawa na kura. Wamiliki walikuwa wamebana biashara huria baina ya wachezaji ili kuwadhibiti waliouza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi. Malalamiko yakadumu miaka, mpaka wachezaji walipoulizwa na biashara hiyo ikarejeshwa Februari 2011. Mwaka 2013 walipiga tena kura, toleo la zamani likafufuliwa, na tangu hapo mabadiliko makubwa ya toleo hilo hupelekwa kwao kwanza. Kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite.

Wako wanaouita utaratibu huo demokrasia ya mfano. Mimi huuliza nani anapiga kura. Jibu ni wanachama wanaolipa ada. Watoto wa intaneti kafe wamo mchezoni, lakini hawamo katika hesabu.

Kampuni ina haki ya kuwasikiliza wateja wake peke yao. Serikali haina haki hiyo, kwa maana raia si mteja. Lakini rasimu ya sheria inapowekwa tovutini kwa Kiingereza kitupu, au kikao cha kukusanya maoni kinapofanyika ukumbini mwa hoteli siku ya kazi, lango lile linakuwa limejengwa upya, hata kama hakuna aliyekusudia kulijenga.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, kabla hujaandika katika taarifa yako kwamba "wananchi walishirikishwa", hesabu kwanza walioshindwa kufika, na uandike walizuiwa na nini.