Tabia ya Kampuni na Ushindi wa Pikipiki

Watu wengi hudhani kuwa mashindano ya pikipiki ni kazi ya mpanda hodari na fundi wake. Mimi huamini, msomaji, kuwa yuko wa tatu asiyeonekana uwanjani, naye ni tabia ya kampuni iliyowatuma.

Itazame kampuni ya Honda ya Japani, iliyoanzishwa na Soichiro Honda mwaka 1948. Mwaka 1959 ilikwenda kushindana katika Kisiwa cha Man kwa mara ya kwanza, na mpanda wake wa mbele akawa wa sita. Haikuona haya kujifunza. Mwaka 1961 ilitwaa ubingwa wa dunia katika madaraja mawili. Ushindi huo ulipatikana kwa injini za mapigo manne, na tangu hapo kampuni ikazipenda kama mzazi apendavyo kifungua mimba wake.

Iliporejea katika mashindano makubwa mwaka 1979, mambo yalikuwa yamegeuka. Injini za mapigo mawili, ambazo huwaka katika kila mzunguko, zilikuwa zimetawala daraja la juu. Zile za mapigo manne huwaka mara moja tu katika mizunguko miwili. Honda haikukubali kufuata njia ya wengine. Iliunda NR500, yenye mapigo manne, pistoni zilizorefushwa badala ya kuwa duara, na vali 8 katika kila silinda. Ilikuwa ajabu ya ufundi, lakini haikupata hata pointi moja ya ubingwa wa dunia.

Usidhani kuwa wahandisi wale walikuwa wajinga. Ushupavu uliowavusha bahari mwaka 1959 ndio huo huo uliowafunga macho miaka 20 baadaye. Lakini saa ya mashindano haijui heshima ya mtu, na hatimaye kampuni iliisikia. Mwaka 1982 ilileta NS500, pikipiki nyepesi ya mapigo mawili na silinda tatu. Mwaka 1983 Freddie Spencer wa Marekani aliipanda, akampita Kenny Roberts wa Yamaha kwa pointi 2 tu, akawa bingwa wa dunia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho, msomaji, huenda ukapewa karakana au ofisi uiongoze. Ipende kazi yako na uione fahari, lakini mtu akikuletea habari ya kushindwa, mpe kiti umsikilize.