Udongo wa Bara Katika Pwani ya Malindi

Sisi wa Siakago tumezoea kulima mtama, kunde na pojo katika nchi ya mvua chache, na habari za bahari twazisikia kama mambo ya watu wengine. Nami niliwaza hivyo mpaka nilipopata likizo mwezi wa Desemba, nikasafiri kwa basi hadi Mombasa, na kutoka huko hadi Malindi.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni rangi ya maji. Nilitazamia buluu, nikaona wekundu kama wa mto wetu baada ya mvua kubwa. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi akitengeneza wavu wake, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Huo si uchafu wa bahari. Ni mashamba yenu ya bara." Akanionyesha majumba yaliyo mbali na maji, akaniambia kwamba alipokuwa kijana mawimbi yalikaribia kuta zake.

Maneno yake yana ukweli. Mto Athi hupita Ukambani, huko chini ukaitwa Galana, kisha Sabaki, nao huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua inapopiga ardhi isiyo na majani, huuchukua udongo. Mto huuleta pwani, na bahari huugawa.

Ugawaji huo ni kazi ya upepo na mawimbi. Wimbi mara nyingi huja kwa mshazari, likaisukuma chembe ya mchanga juu ya ufuko. Maji yanaporudi huiteremsha moja kwa moja. Hivyo chembe husogea kidogo kwa kila wimbi, usiku na mchana. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, mchanga na tope huelekea kaskazini, katika Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hurudi kusini, kwa watu wa Malindi. Nao mchanga uliokauka huinuliwa na upepo. Hiyo ndiyo asili ya vilima vya mchanga vya Mambrui.

Lakini bahari ijengayo hubomoa vile vile. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo ya ukumbusho wake husimama juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Bamvua inapojaa, maji ya pwani hii hupanda karibu mita 4 kutoka kupwa, na mawimbi huchimba chini ya majabali hata sehemu ya juu ikakosa mhimili, ikaanguka. Huko Mombasa, Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imelazimika kujengewa ukuta wa kuikinga na mawimbi.

Ngao kubwa ya pwani ni matumbawe hai yaliyo ndani ya bahari, maana huyavunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Nayo hufa yakifunikwa na tope. Basi udongo ule ule unaoupanua ufuko mahali pamoja waweza kuiondoa ngao mahali pengine.

Maji ya Siakago hayaendi Sabaki. Huenda Tana, mto unaoingia baharini karibu na Kipini. Matope mengi ya Tana huzuiliwa na mabwawa, kama Masinga la mwaka 1981 na Kiambere la mwaka 1988. Lakini uishie bwawani au baharini, udongo uliokwisha kuondoka haurudi shambani.

Katika shamba langu mlikuwa na ufa uliochimbwa na maji, nami nilikuwa nimeuacha kwa misimu miwili, nikisema kazi ya ofisi ni nyingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliporudi nilichukua jembe, nikalima matuta ya kukinga maji na kupanda majani kandokando yake. Mvua za Machi zilipofika, maji yaliyotoka shambani mwangu hayakuwa mekundu kama zamani.