Mwalimu wa Chuo Kikuu Ana Mikono Miwili

Kwetu Obokote, katika eneo la Lubutu, kijana akisema ataka kuwa mwalimu wa chuo kikuu, wazee humtazama kwa mashaka. Mjomba wangu aliniambia: "Mpwa wangu, ualimu ni ualimu. Yafaa nini kusoma mpaka mvi zitoke, kisha kushika chaki ileile ya mwalimu wa darasa la kwanza?" Neno hilo si la kudharauliwa, maana karo hutoka katika mpunga na mafuta ya mawese ya wazazi.

Hata hivyo kazi hizo hazilingani. Mwalimu wa shule hufundisha mambo yaliyokwisha kujulikana. Mwalimu wa chuo kikuu ana mikono miwili: kwa mmoja hufundisha, kwa mwingine hutafuta yasiyojulikana bado. Akiacha kutafuta, atasoma mbele ya wanafunzi karatasi zilezile miaka ishirini, nao watatoka na elimu iliyochakaa.

Kutafuta ni nini? Wawindaji wa misitu ya mto Lomami, magharibi ya Kindu, walimjua tangu zamani kima aitwaye lesula. Mwaka 2007 watafiti walimkuta mmoja, angali mdogo, kwa mkuu wa shule huko Opala. Hawakukimbilia kutangaza. Walichungua ngozi, mafuvu, sauti na chembe za urithi, wakalinganisha na kima wengine. Ndipo mwaka 2012 John Hart na wenzake walipoandika, na wataalamu wa dunia wakapokea kwamba huyu ni kima wa namna ya peke yake. Mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaanzishwa katika misitu hiyo. Jina walilitoa wawindaji. Ushahidi uliletwa na watu waliojifunza kupima na kuandika. Je, wa Obokote hawawezi kuwa na vyote viwili?

Tena, kutafuta si kwa watu wa msituni tu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka 1960 mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alijadiliana hadharani na mwalimu wake, Padre Alfred Vanneste, kama yaweza kuwako teolojia ya Kiafrika. Alipinga kwa hoja, wala si kwa matusi. Baadaye akawa mkuu wa chuo hicho.

Sisemi kwamba njia ni laini. Mtu huanza kuwa msaidizi, hupanda polepole, na asipotunga kitabu cha udaktari hawi profesa. Mishahara nchini mwetu huchelewa mara nyingi, na migomo hukatiza masomo. Anayetafuta utajiri wa haraka aende kwingine.

Lakini ninyi wanafunzi mnaopenda kuuliza, msingojee Kisangani wala Kindu. Nunueni daftari leo. Andikeni majina ya miti kama wazee waijuavyo, dawa wanayoichuma, siku mvua ilipochelewa. Ulizeni wazee wawili, mlinganishe majibu yao. Nanyi wazazi, msiwakemee kwa maswali mengi. Wazee wetu wakiondoka bila kuandikiwa, hakuna maktaba duniani itakayoturudishia walichokijua.