Mtambo wa Kusawazisha Sauti Si Mganga

Ndugu msomaji, hebu nitegee sikio, maana leo nataka kuzungumza juu ya sikio lenyewe na mtambo uliobuniwa kulisaidia. Mafundi wa studio huuita ikwalaiza. Mimi katika makala haya nitauita kisawazishi. Ukimwuliza kijana yeyote wa Voi au Wundanyi anayetaka kuwa mwanamuziki, atakuambia kwamba nyimbo zetu hazivumi kwa sababu hatuna mitambo ya bei ghali. Ati tungekuwa nayo, hata chura angeimba kama kinanda! Mtambo huo mimi nimeuona kwa macho yangu na vitufe vyake nimevizungusha kwa vidole vyangu. Nakubali kwamba ni mtambo wa ajabu. Lakini si mganga, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tufahamu kazi yake. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na mtikisiko mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Ngoma kubwa hunguruma huko chini, kwenye hezi 60 hadi 100 hivi. Sauti ya mwanamke anapozungumza huanzia karibu hezi 200. Mivumo ya 's' na 'sh' iko juu kabisa, hezi 5,000 na zaidi. Kisawazishi humwezesha fundi kuongeza fungu moja la sauti hizo au kulipunguza, na mengine yakabaki karibu vile yalivyokuwa. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi na kuamua kama ni chumvi iliyopungua au ni ndimu iliyozidi.

Jina lake lilitokana na simu. Waya mrefu wa simu hudhoofisha sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo mafundi wa zamani walitengeneza saketi za kurudisha usawa. Hata hivyo, simu za kawaida zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana mtu wa upande wa pili alisikika kama yumo ndani ya debe. Santuri nazo zilihitaji kusawazishwa. Zilipochongwa, sauti nzito zilipunguzwa ili mfereji wa sindano usiwe mpana kupita kiasi, kisha kichezeo kilizirudisha. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha kazi hiyo. Hivyo basi, hata 'Malaika' aliyoirekodi Fadhili William Mdawida mwanzoni mwa miaka ya 1960, yule ambaye jina lake la mwisho linatosha kutuambia kwamba asili yake ni milima yetu hii, ilisawazishwa santuri ilipochongwa na ikasawazishwa tena kila ilipochezwa. Nayo redio ya FM huongezewa sauti za juu inaporushwa hewani, na kile kiredio cha jikoni huzipunguza inapozipokea. Kumbe tumezungukwa na visawazishi na hatuna habari!

Sasa nije kwa yaliyonifikisha kwenye mtambo wenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka 2023, kikundi cha akina mama cha Nyanya yangu hapa Werugha kiliamua kurekodi nyimbo za Kidawida ambazo walifunzwa na mama zao wakilima. Walikuwa wanane. Kiongozi wa nyimbo alikuwa dada yake Nyanya, ambaye sisi sote tulimwita Nyanya Mkubwa. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, kama maganda makavu ya maharagwe yakisuguana, na ilipopanda juu ilitetemeka kidogo kabla ya kutulia. Walichanga pesa za mboga, wakakodi matatu, tukateremka mlima hadi studio moja ya mjini.

Fundi wa huko aliwapanga wote katika chumba kimoja mbele ya maikrofoni moja. Ngoma akaiweka karibu kuliko waimbaji. Waliporudia wimbo wa kwanza, Nyanya alimwambia kwa upole, "Mwanangu, ngoma inatumeza." Fundi akajibu, "Usijali, mama, hiyo nitairekebisha kwa mashine." Hakuisogeza ngoma hata hatua moja. Alikata sauti zote nzito, akaongeza za juu, kisha akajaza pengo kwa ngoma ya kompyuta.

Baada ya wiki moja tulipokea kazi ikiwa imekamilika. Tulikusanyika sebuleni, watoto kwa wazee. Ngoma ilisikika kama ile ya matatu za Mombasa, na sauti za akina mama zilikuwa nyembamba na kali hata zikachoma masikio. Nyanya Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu anayeimba ni nani?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Machi 2024 Nyanya Mkubwa alifariki. Siku ya mazishi tulizipiga nyimbo zile zile, maana hatukuwa na nyingine. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa sauti Nairobi, aliipigia simu ile studio kuomba sauti asilia kabla hazijaguswa. Aliambiwa kwamba zilifutwa ili kupata nafasi. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba alisema atajaribu kuzoa.

Likizo ya Aprili nilipanda gari moshi pale Voi nikaenda kwake. Katika studio anamofanya kazi ndimo nilimokiona kisawazishi hicho. Ni kisanduku cha chuma, kizito kama jiwe la kusagia, chenye vitufe vikubwa vyeusi vya kuzungusha. Kimeundwa kwa mfano wa vile vilivyotengenezwa na kampuni ya Pulse Techniques, maarufu kama Pultec, huko New Jersey, Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani mna koili, kapasita, transfoma na valvu zinazowaka rangi ya kaa. Bei yake ni maelfu ya dola, yaani kwetu hapa mtu angenunua ng'ombe wa maziwa kadhaa na akabaki na chenji.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mjomba alinieleza kwamba katika kisanduku hicho, sehemu inayochagua sauti haiwezi kuongeza chochote. Kazi yake ni kupunguza tu. Sauti yote hupunguzwa kwanza, kisha valvu huikuza tena ili irudi kwenye kimo chake. Unapozungusha kitufe cha kuongeza, unachofanya hasa ni kulipunguza fungu hilo kwa kiasi kidogo kuliko mengine. "Umeona, mpwa wangu?" akasema. "Hata mashine ya pesa zote hizi haizai sauti. Hugawa ile uliyoileta."

Alinionyesha pia jinsi kinavyotumiwa katika hatua tatu za kazi. Katika kurekodi, fundi mwenye busara hukigusa kidogo tu, maana akishakata wakati wa kunasa, amekata milele. Katika kuchanganya, kila sauti hupewa mahali pake ili zisigombane, kwa mfano kupunguza hezi 200 au 300 kwenye ngoma ili mwimbaji apate pa kupumulia. Hapa wengi hupenda vile visawazishi vinavyomwachia fundi achague hezi, upana na kiasi, aina ambayo Mmarekani George Massenburg aliieleza kwa wahandisi wenzake mwaka 1972. Hatua ya tatu ni umaliziaji, ambao mafundi huuita mastaringi. Hapo wimbo mzima umekwisha kuunganishwa, na ukigusa fungu moja umewagusa wote. Fundi huongeza au kupunguza nusu ya desibeli. Vitufe vya mitambo ya umaliziaji huzunguka kwa hatua, tik, tik, ili mkondo wa kushoto na wa kulia uwe sawasawa.

Kwa kuwa kisanduku hakina kumbukumbu, Mjomba ana daftari ambamo huchora mahali kila kitufe kilipokuwa. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazokiiga. Nilimwomba anijaribu, nikafumba macho, naye akanipigia wimbo mmoja mara sita, mara kwa programu na mara kwa kisanduku. Nilipatia mara tatu, yaani sawa na mtu anayerusha shilingi. Mjomba alicheka sana. Alisema yeye hukipenda kisanduku kwa sababu kina vitufe vichache, hivyo kinamlazimisha asikilize badala ya kutazama michoro kwenye kioo.

Basi tukaziweka nyimbo za Nyanya Mkubwa. Mjomba aliongeza hezi 60 na 100 akiitafuta ngoma ya nyumbani. Haikuja. Kilichopanda ni mvumo wa umeme na ile ngoma ya kompyuta. Ngoma yetu ilikatwa, na kilichokatwa hakikuacha mzizi. Akahamia kwenye sauti za juu, akapunguza ule ukali uliokuwa karibu na hezi 3,000, kisha akaupunguza mvumo wa 's'. Hapo sauti zilipoa kidogo. Wimbo wa tatu ulianza na Nyanya Mkubwa peke yake kabla ya ngoma kuingia, kwa muda wa sekunde nane hivi. Katika sekunde hizo nane, ule mkwaruzo wa maganda ya maharagwe ulisikika. Mjomba alizirudia mara nyingi bila kusema neno. Marehemu alikuwa mama yake mkubwa, naye ndiye aliyembeba mgongoni Nyanya alipokuwa sokoni. Mwishowe alizihifadhi sekunde zile peke yake, akazima mtambo, tukaenda kula.

Hizo ndizo zilizookolewa na mtambo wa maelfu ya dola: sekunde nane.

Agosti 2024 Mjomba alikuja nyumbani na maikrofoni mbili na kompyuta yake. Tuliomba darasa moja hapa shuleni siku ya Jumamosi, na wanachama wa Chama cha Kiswahili wakaja kusaidia. Mabati na kuta tupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo tulitundika mablanketi pande tatu. Mara hii ngoma iliwekwa mlangoni, mbali na waimbaji, na Nyanya akasimama mbele kuongoza. Mjomba alisikiliza kwa vikuza sauti vya masikioni, akamsogeza mama mmoja nyuma hatua moja na mwingine mbele nusu hatua. Alifanya hivyo kwa saa nzima kabla ya kunasa chochote, hata wengine wetu tukaanza kunung'unika kwa njaa.

Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Enzi hizo uwiano wa sauti na ala ulitegemea zaidi jinsi watu walivyopangwa mbele ya maikrofoni, nani asimame karibu na nani akae mbali. Hatua za miguu ndizo zilizokuwa vitufe vyao.

Mjomba alirudi Nairobi na kazi yetu. Aliniambia kwamba alikata mitikisiko ya chini ya hezi 40 tu, ile ya upepo na ya viti kusogezwa, akaongeza desibeli moja kwenye ngoma, na wakati wa umaliziaji akaongeza nusu desibeli huko juu ili wimbo upate hewa. Hakuna kingine. Nyanya alipousikiliza alitikisa kichwa polepole, akasema, "Huyu ni mimi. Na ngoma ni yetu." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini nafasi ya dada yangu naisikia pia." Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumjibu.

Wenzangu, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mitambo mizuri haina faida. Yule aliyerekodi vizuri, kisawazishi kizuri humng'arishia kazi yake kama mafuta yanavyong'arisha ngozi yenye afya. Ninachokataa ni ile kauli ya "tutarekebisha baadaye." Baadaye huenda mwimbaji asiwepo.

Kwa hivyo ninatoa rai kwa wanachama wote. Likizo hii, kila mmoja amrekodi mzee mmoja, kwa wimbo, kitendawili au ngano, hata kwa simu. Chagua chumba chenye godoro na mapazia, wala si jikoni penye mabati. Keti karibu naye. Akiwa na ngoma, isogeze mbali hadi umsikie vizuri kwa masikio yako mwenyewe, ndipo ubonyeze kitufe. Tena usiifute sauti asilia, hata ukiambiwa nafasi imejaa. Futa picha za matembezi.

Kisawazishi tutakinunua siku tukipata pesa. Wazee hawauzwi dukani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu