Kusoma ni Kufumbua

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mwalimu mmoja wa fasihi aliukumbuka msemo huo asubuhi moja, mwanafunzi wake aliposoma beti tatu za shairi kwa sauti nyororo bila kujikwaa. Alipoulizwa shairi linasema nini, aliinamisha kichwa. Darasa zima likanyamaza. Je, msichana yule alikuwa amesoma?

Jibu moja limehifadhiwa katika asili ya kitenzi cha Kiingereza "read". Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa "rædan", nacho kilimaanisha kushauri, kukisia, na kufasiri jambo la fumbo, kama vile ndoto. Maana ya kusoma maandishi ilichipuka humo, kwani aliyetazama alama zilizochongwa kwenye jiwe au mti alikuwa akifumbua fumbo. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, kingali na "raten", yaani kushauri au kukisia jibu. Hata neno "riddle", ambalo ni kitendawili, limetokana na mzizi uo huo.

Lakini maana husahaulika. Jina la Mfalme Æthelred, aliyetawala Uingereza kuanzia 978 hadi 1016 isipokuwa kipindi kifupi alipokuwa uhamishoni, lilimaanisha shauri adhimu. Kwa kejeli alibandikwa lakabu ya "Unræd", asiye na shauri jema. Vizazi vilivyofuata viliigeuza ikawa "Unready", asiye tayari. Wenye lugha wenyewe walilitamka neno bila kulifumbua!

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Wakristo wa mwanzo miongoni mwa Wagikuyu waliitwa "athomi", yaani wasomaji. Kule Buganda waliitwa "abasomi". Kusoma kukawa mlango wa kuingilia ulimwengu mpya. Mlango huo uliwafaa wengi, ila ulimwacha nje bibi kizee asiyejua hata herufi moja, ambaye jioni akitegewa kitendawili hukitegua kabla wajukuu wake hawajakuna vichwa. Kwa kipimo cha "rædan", ajuza huyo ni msomi, na mtahiniwa anayekariri mwongozo wa riwaya ili apite mtihani hajaanza kusoma. Vijana wasemao "nimekusoma" wakiwa na maana ya "nimekuelewa" wamelikaribia jambo hili kuliko wanavyodhani.

Mwalimu yule hakumkaripia msichana. Alikifunga kitabu, akasimama mbele ya darasa, akaita:

"Kitendawili!"

"Tega!" darasa likaitikia.

Akautega mshororo wa kwanza wa shairi. Vichwa vikainuka. Wa kwanza kujibu alikosea, wa pili akakosea. Wa tatu kuinua mkono alikuwa msichana yule.